Hinode, EVE, roketi ya 1989 au kupatwa kwa jua: data za atomu uzipime kwa spektra ipi?

Kijana mmoja wa Ngomeni anayesoma fizikia Kilifi alinijia nyumbani Malindi jioni moja, kompyuta kwapani, akanikuta nimeketi barazani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, keti."

Hata hakuketi vizuri, akatoa lililomkaa moyoni. Mradi wake wa mwisho ni kupima data za atomu za chuma, zile zilizomo katika hifadhidata ya CHIANTI, kwa kuzilinganisha na spektra za korona ya jua, yaani mwanga wake uliotandazwa kwa urefu wa mawimbi. Msimamizi wake amemwachia achague mwenyewe spektra za kutumia. "Nimesoma wiki tatu, mwalimu, na kila chombo nakiona kizuri. Nichukue kipi?"

Tulizungumza mpaka adhana ya magharibi. Tangu siku ile wawili wengine wameniuliza swali hilohilo, ndiyo maana nimeona niliandike.

Tatizo lenyewe

Korona ninayoisema ni taji la jua, ile gesi nyembamba inayolizunguka, yenye joto la nyuzi milioni moja na zaidi. Kwa joto hilo atomu za chuma hunyang'anywa elektroni zake: Fe X imepoteza 9, Fe XIV imepoteza 13 kati ya 26. Atomu iliyonyang'anywa hivyo huitwa ioni. Kila ioni hutoa mistari yake ya mwanga, na nguvu ya mistari hiyo hutuambia halijoto na msongamano wa mahali ilikotoka. Lakini ili tuisome, sharti kwanza tujue ioni yenyewe inavyofanya kazi: viwango vyake vya nishati viko wapi, hushuka kutoka kiwango hadi kiwango kwa kasi gani, na migongano na elektroni huru huipandisha mara ngapi. Hizo ndizo data za atomu. Sehemu kubwa yake imekokotolewa kwa kompyuta, haikupimwa maabara.

Sokoni, samaki akipimwa nawe ukautilia shaka uzito, unamwomba muuzaji aweke jiwe la kilo moja tujue kama mizani ni ya haki. Jua halina jiwe la kilo. Halijoto na msongamano wa korona tunavijua kwa kutumia data zilezile tunazotaka kuzipima. Kwa hiyo hesabu na spektra zikigombana, washukiwa ni watatu: data za atomu, chombo kilichopima, na dhana zetu kuhusu gesi yenyewe.

Na yeyote kati yao aweza kuwa mkosa. Mistari miwili ya Fe XVII kwenye eksirei, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 1.501 na 1.526, ilisumbua watu kwa miaka mingi kwa sababu uwiano uliopimwa ulikuwa mdogo kuliko uliokokotolewa. Wengi waliilaumu nadharia. Mwaka 2022 kipimo kipya kilichofanywa Ujerumani kwa eksirei za mashine ya PETRA III kikakubaliana na nadharia. Nadharia ilikuwa imesingiziwa. Hapo chini, kwenye Hinode, nitaleta kisa kilichokwenda kinyume chake.

Vigezo nitakavyotumia

Cha kwanza, na kwangu ndicho kikubwa, ni aina ya kosa unalolitafuta. Data za atomu hukosea kwa njia mbalimbali: urefu wa wimbi si sahihi, mstari umepewa ioni isiyo yake, uwezekano wa kushuka umekosewa, kasi ya migongano imekosewa, au mistari fulani haimo kabisa. Hakuna spektra inayonasa yote.

Cha pili ni uwezo wa chombo kutenganisha mistari iliyo karibu karibu. Cha tatu ni eneo linalotazamwa: kipande kidogo cha korona, au jua zima kwa mkupuo. Cha nne ni usawazishaji, yaani kama nguvu ya mwanga iliyoandikwa ndiyo iliyotoka juani. Cha mwisho ni gharama, na sisi wa huku tunajua bando linavyokwisha.

EIS ya Hinode

Kinachoonekana. Hinode ni setilaiti ya Japani iliyorushwa Septemba 2006, na EIS ni spektromita yake inayosoma urujuanimno wa mbali, mwanga ambao hewa ya dunia haiupitishi hata kidogo. Ina chaneli mbili: nanomita 17.0 hadi 21.1 na 24.6 hadi 29.2. Hutazama kwa mpasuo mwembamba wa sekunde 1 au 2 za tao, na sekunde moja ya tao juani ni kama kilomita 725. Mistari inayopishana kwa sehemu chache za elfu za nanomita huanza kutengana. Chuma kimejaa humo, kuanzia Fe VIII kwenda juu.

Kosa linalonaswa. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo pana utamu. Chukua simu yako ufungue kikokotoo. Gawanya 1 kwa 25.739. Gawanya tena 1 kwa 27.052. Toa jibu la pili kwenye la kwanza, kisha ugawanye 1 kwa kilichobaki. Utapata karibu 530.3.

Namba mbili za mwanzo ni mistari miwili ya Fe XIV ndani ya chaneli ndefu ya EIS. Jibu, nanomita 530.3, ni mstari wa kijani wa korona, uleule ulioonwa Marekani wakati jua lilipopatwa tarehe 7 Agosti 1869, watu wakadhani wamegundua elementi mpya wakaiita koronamu. Mistari miwili ya EIS huanzia ghorofa moja ya juu ndani ya ioni. Mmoja hushuka mpaka chini kabisa, mwingine huishia kidato kimoja kabla ya chini. Kidato hicho ndicho mstari wa kijani. Mara ya kwanza nilipoifanya hesabu hii usiku, nikaona namba ya 1869 inatoka ndani ya data za setilaiti, niliirudia mara tatu.

Ndugu hawa wa ghorofa moja ndio shahidi bora uliye naye. Kwa kuwa wanaanzia mahali pamoja, uwiano wa nguvu zao haujali halijoto wala msongamano. Unategemea tu uwezekano wa kushuka huku au kule. Ukiona uwiano haulingani na hifadhidata, gesi imeshatoka kwenye orodha ya washukiwa. Wamebaki data, chombo, na mstari mwingine uliopandana na mmojawapo.

Kisha kuna mistari mitatu ya Fe XII kwenye 19.24, 19.35 na 19.51. Hii haina ghorofa moja, ina ghorofa tatu jirani zinazotua pamoja chini, na nguvu zake hukaribia uwiano wa 1 kwa 2 kwa 3. Huhitaji programu kubwa kuuona uwiano huo. Kwenye grafu unauona kwa macho, vilima vitatu vinavyopanda kama ngazi.

Na sasa kile kisa. Msongamano wa elektroni husomwa kwa kulinganisha mistari miwili ya ioni moja ambayo huitikia msongamano kwa namna tofauti. EIS ilipoanza kazi, Fe XII ilitoa msongamano mkubwa kuliko Fe XIII mahali palepale, na uchambuzi wa 2009 ukaliweka jambo hilo wazi. Ioni hizi mbili huishi kwenye halijoto zinazokaribiana, kwa hiyo tofauti kubwa namna ile ilikuwa dalili ya kosa. Mwaka 2012 zilitoka hesabu mpya za migongano ya Fe XII, na msongamano ukashuka kama mara tatu, ukaja kukaa karibu na ule wa Fe XIII. Safari hii jua lilikuwa limesema kweli, na data ndizo zilizokosea. Bila mpasuo mwembamba unaotazama eneo moja, kosa lile lingejificha ndani ya mchanganyiko wa gesi za kila aina.

Tahadhari. Chombo kimezeeka angani. Uchambuzi wa 2013 ulionyesha kuwa kufikia mwanzo wa 2010 chaneli ndefu ilikuwa imepungua nguvu kama nusu au zaidi. Hili limeniuma mimi mwenyewe. Nilikuwa nikilinganisha mstari wa Fe XIII wa 20.20 ulio chaneli fupi na wa 25.20 ulio chaneli ndefu, kwa spektra za 2010, nikitumia usawazishaji uliofanywa kabla ya kurushwa. Wa chaneli ndefu ukatoka nusu ya ulivyotakiwa. Siku nne nzima nilizilaumu data za migongano, nikaandika hata kurasa mbili za lawama, kabla sijausoma uchambuzi ule. Ukivuka chaneli, tumia usawazishaji mpya. Ukiweza, anza na mistari iliyo ndani ya chaneli moja.

Gharama, na anayefaa. Faili zilizokwisha kusafishwa zinapatikana bure, na kuna maktaba ya Python iitwayo eispac ya kuzisoma. Faili moja huweza kufika makumi ya megabaiti, si jambo la kutisha. Inamfaa mwenye swali mahususi kuhusu ioni moja au mbili, aliye tayari kuketi na mistari kwa subira.

EVE ya SDO

Kinachoonekana. SDO ni setilaiti ya Marekani ya kutazama jua, ilirushwa Februari 2010, na EVE ni chombo chake cha kusoma urujuanimno. EVE haina picha. Hukusanya mwanga wa jua zima na kuutandaza, kila baada ya sekunde 10. Sehemu yake iitwayo MEGS-A ilisoma takriban nanomita 6 hadi 37 mpaka Mei 2014 ilipoharibika. Uwezo wa kutenganisha ni kama nanomita 0.1, yaani inaona rundo pale EIS inapoona mstari mmoja mmoja.

Kosa linalonaswa. Mistari isiyomo kabisa kwenye hifadhidata. Kwa kuwa EVE inatandaza eneo pana bila kukata, ukikokotoa spektra nzima kwa CHIANTI na kuiweka juu ya iliyopimwa, mashimo yanaonekana: pale jua linang'aa na hesabu iko kimya. Hali ilikuwa mbaya hasa chini ya nanomita 17, ambako ioni za chuma zina mistari mingi midogo midogo ambayo mtu hakuwa ameikokotoa. Ndiyo maana kamera ya AIA kwenye SDO hiyohiyo, chaneli yake ya 9.4, ilipokea mwanga ambao hesabu haikuutarajia. Toleo la 7.1 la CHIANTI, lililotoka 2013, lilifanywa kwa sehemu kubwa kuziba pengo hilo.

Wakati wa mlipuko wa jua EVE hupanda daraja. Ukitoa spektra ya kabla ya mlipuko kwenye ile ya wakati wa mlipuko, kinachobaki ni gesi moto sana yenye chuma kilichopoteza elektroni nyingi, na mistari yake husimama peke yake bila zogo la gesi baridi.

Tahadhari. Jua zima maana yake ni gesi za kila halijoto na kila msongamano kwa pamoja. Usitumie EVE kupima data za msongamano isipokuwa kwenye milipuko, na hata hapo kwa uangalifu. Upande wa usawazishaji lakini inasifika, kwa sababu roketi zilikuwa zikirushwa mara kwa mara na chombo pacha ili kuikagua.

Gharama, na anayefaa. Bure, na kwa kuwa hakuna picha, faili zinachukuliwa bila shida. Inamfaa anayetaka kujua kama hifadhidata imekamilika, na anayefurahia kuandika programu kuliko kukagua mstari mmoja mmoja.

Roketi ya SERTS, 1989

Sisi wa Malindi roketi hatukuzijulia vitabuni. Jukwaa la San Marco liko baharini mbele ya Ngomeni, na kutoka hapo, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ilirushwa setilaiti ya kwanza ya kutafuta eksirei za nyota, wakaiita Uhuru. Tarehe 25 Machi 1988 ikaondoka palepale setilaiti ya San Marco iliyobeba spektromita ya kusoma urujuanimno wa jua na mng'ao wa hewa ya juu. Yule kijana babu yake alikuwa akivua kwenye ghuba ile. Nilimwambia kuwa jambo analolifanya kwenye kompyuta limepita juu ya mashua ya babu yake.

SERTS haikurushwa hapa, ilirushwa Marekani. Roketi ya namna hiyo hupanda juu ya hewa, hutazama kwa dakika chache, kisha hurudi chini kwa mwavuli. Ile ya Mei 1989 ilipiga spektra ya eneo lenye madoa ya jua kwenye filamu, nanomita 17 hadi 45. Mistari yake ilichapishwa ikiwa jedwali, na mwaka 1998 timu ya CHIANTI ilitumia jedwali hilo kuipima hifadhidata yao kwa mara ya kwanza mstari kwa mstari.

Inanasa nini? Uwiano wa ndugu, utambulisho uliokosewa, mistari iliyopandana. Uwezo wake wa kutenganisha unakaribia wa EIS, na inafika 29.2 hadi 45 ambako EIS haioni. Udhaifu ni kwamba ni tazamo moja la siku moja, kwenye filamu, na huwezi kurudi kuuliza tena. Gharama yake ni karibu bure kabisa: jedwali unaweza kulichapa kwa karatasi chache ukafanya kazi umeme ukiwa umekatika. Inamfaa anayeanza, na inamfaa mwalimu anayetaka darasa zima lifanye hesabu kwa kalamu.

Kupatwa kwa jua

Kinachoonekana. Mwezi unapolifunika jua lote, korona hujitokeza, na kutoka ardhini unasoma mwanga wa kawaida na wa infraredi: mstari wa kijani wa Fe XIV wa 530.3, mwekundu wa Fe X wa 637.4, na ile miwili ya Fe XIII, 1074.7 na 1079.8. Wataalamu huiita mistari iliyokatazwa. Ioni huchelewa sana kuitoa, kiasi kwamba kwenye gesi nzito hugongwa kabla haijafika zamu yake. Korona ni nyembamba mno, ndiyo maana huko hupata nafasi. Fumbo la koronamu lilifumbuliwa kwa njia hii: Walter Grotrian mwaka 1939, kisha Bengt Edlén miaka michache baadaye, walilinganisha mistari ya korona na tofauti za viwango vya nishati vya chuma, wakaona zinalingana. Kilikuwa kipimo cha data za atomu dhidi ya korona kabla hakujawa na kompyuta, na kilituambia korona ina joto la nyuzi milioni.

Kosa linalonaswa. Nafasi ya viwango vya chini vya nishati, kwa usahihi mkubwa. Uwiano wa mistari miwili ya Fe XIII husema pia juu ya msongamano.

Tahadhari. Mbali kidogo na ukingo wa jua, mwanga wa jua lenyewe huzipandisha ioni, si migongano peke yake. Usipouingiza kwenye hesabu, utazilaumu data za migongano kwa kosa ambalo si lao.

Gharama, na anayefaa. Kivuli kamili kilipita Kenya tarehe 16 Februari 1980. Kitakachofuata karibu nasi ni cha 2 Agosti 2027, dakika sita na ushei karibu na Luxor, Misri, kikipita pia Saudi Arabia, Yemen na ncha ya Somalia. Malindi na Lamu tutapata kupatwa kwa sehemu tu. Swala ya kusufi itaswaliwa misikitini, lakini korona haitaonekana. Kwa mradi wa mwaka huu, basi, utatumia vipimo vya wengine. Kupatwa kunamfaa mwenye mpango wa miaka, mwenye wenzake na nauli, au anayetaka kuunganisha mistari ya ardhini na ile ya angani kama tulivyofanya kwa kikokotoo.

Kwa hali yako

Kama una muhula mmoja na ioni moja unayoitilia shaka, chukua EIS. Anza na ndugu wa ghorofa moja ndani ya chaneli moja, wakikubali ndipo uende kwenye mistari ya msongamano. Ukianza na msongamano hutajua nani amekosea.

Kama msimamizi wako anataka ukague hifadhidata nzima, au una toleo jipya unalotaka kulilinganisha na la zamani, EVE itakuonyesha mengi kwa wiki moja kuliko EIS kwa mwezi. Ukikuta shimo, lipeleke kwenye EIS kama liko ndani ya mipaka yake.

Kama kompyuta yako ni dhaifu au unafundisha, jedwali la SERTS linatosha, na usilione duni: mistari 10 iliyokaguliwa vizuri ina thamani.

Kama unatilia shaka vidato vya chini vya ioni, au una miaka mbele yako, soma mistari ya kupatwa sasa, uandike hesabu zako mapema, na uanze kutafuta wenzako wa Luxor.

Na kama unaweza kuchanganya mbili, changanya zinazokosea kwa njia tofauti. EIS na SERTS zina mistari inayofanana kati ya 17 na 29, lakini moja ni ya kielektroniki na nyingine ni filamu. Mstari ukigoma kwenye zote mbili, na ndugu zake wamekubali, hapo ndipo una haki ya kuandika kuwa data za atomu zimekosea.

Yule kijana alichagua EIS na Fe XIV. Wiki iliyopita alinitumia picha kwenye simu: vilima viwili, 25.74 na 27.05, na uwiano wake ameuandika chini kwa mkono. Haujalingana na CHIANTI bado. Ameniuliza kama kuna mstari mwingine uliopandana na mmojawapo, na jana usiku tulikuwa bado tunautafuta.